Viazi vya shangazi vina kromosomu 90, mimi nina 46, na bado nilijiona mjanja

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na sehemu ya aibu nimeiacha ilivyo.

Nina digrii ya baiolojia na sina kazi. Mwaka jana nilikuwa kijijini Samuye kwa shangazi yangu, Mama Kabula. Kiangazi kilipoanza, bintiye Kabula akajifungua huko Nkome, shangazi akaenda kumhudumia.

Akaniachia kazi moja: kumwagilia marando, yale mashina ya kupandia ya viazi vitamu, kando ya kisima, ndoo mbili kila asubuhi, yasife kabla ya mvua.

Ndiyo mbegu yake yote. Alipewa na bibi, mama yake, siku alipoolewa. Viazi hivyo ndivyo hukatwa na kukaushwa kuwa michembe, chakula chetu cha miezi yote ya ukame.

Kazi rahisi. Tatizo ni kwamba mimi huwaza kupita kiasi.

Nikaona kwenye marando vitunda vikavu vyenye mbegu nyeusi. Nikakumbuka darasani: binadamu kromosomu 46, kondoo 54, mbuzi 60, kuku 78. Kiazi kitamu, 90.

Ndiyo wakuu, hicho unachonywea chai kinakuzidi karibu mara mbili. (Idadi haipimi akili. Laiti ningelikumbuka hilo mapema.)

Nikajiuliza, kama urithi wote umo kwenye mbegu, ndoo za nini? Nikazikwaruza zile mbegu kwenye jiwe ziweze kuota, nikazipanda kwenye beseni bovu. Kisimani nikawa naenda nikikumbuka.

Zikaota saba. Furaha yangu ilidumu mpaka majani yalipokomaa: moja limechanika kama vidole, lingine mviringo, lingine zambarau. Hakuna lililofanana na la shangazi.

Nikakimbilia kisimani. Marando yalivunjika mkononi kama vijiti.

Ndipo nikakumbuka nusu ya pili ya somo. Kromosomu za kiazi ni seti sita za kumi na tano, na kila mbegu huzichanganya upya, nusu za mama, nusu za baba nisiyemjua. Mbegu ni mtoto. Rando ni mmea uleule unaoendelea kuishi. Nilichokausha hakikuwa mtoto wa kiazi cha bibi, kilikuwa kiazi cha bibi chenyewe.

Shangazi akipiga simu kuuliza, najibu, "Yapo." Niliandika meseji ya kuomba radhi mara kumi na moja, nikazifuta zote.

Aliporudi nikamwamkia, nikampeleka kisimani, nikasema kila kitu. Akachungulia kisimani kwanza.

"Maji yalikauka, Masanja?"

"Hapana, shangazi."

"Sasa kilichokauka ni nini?"

Akachukua panga, akaniambia nimfuate kwa Mama Shija, jirani wa pili. Nyuma ya bafu la Mama Shija, pale maji ya kuogea yanapotokea, marando yalikuwa ya kijani kabisa. Majani yaleyale.

Kumbe kila mwaka shangazi humgawia mtu marando yake. Wanawake wa pale hawauziani marando.

"Digrii imekula marando?" Mama Shija akamuuliza shangazi huku akikata. "Chukua, ni yako haya. Yalikuja kunitembelea tu."

Nilisimama pale nikiwavulia kofia. Hawajawahi kusikia neno kromosomu, lakini wamezitunza zile 90 bila kupoteza hata moja, kwa kutouweka mmea mahali pamoja tu.

Mvua iliponyesha tukapanda. Shangazi akanipa tuta la pembeni kwa ile miche yangu saba. Mavuno yalipofika, mitano ilikuwa na mizizi tu, mmoja ukatoa kiazi chembamba kama kidole. Wa saba ukatoa viazi vinne vya njano.

Shangazi akachemsha kimoja, akatafuna taratibu. Mimi tayari nilikuwa natunga maneno ya kujitetea.

Akakata marando ya mche ule, akayafunga kwa kamba, akanipa.

"Mpelekee Mama Shija. Mwambie hiki kinaitwa Masanja."

Nilichojifunza: ukiachiwa kitu hai, uliza kwanza kwa nini kinatunzwa hivyo, ujuzi wako utoe baadaye.

Wakuu, kwenu mbegu ya bibi anayo nani? Na mnaojua jenetiki kunizidi, nirekebisheni, nimeshazoea.