Mpungate Uliosingiziwa

Kila Agosti, huku kwetu milima ya Thala, lazima apatikane mtu aliyefungwa choo na matunda ya mpungate, ule mmea wa miiba. Hatukomi. Tunayabugia na mbegu zake, ishirini, thelathini, bila hata kipande cha mkate, na baada ya siku mbili tunapelekwa zahanati tukitembea kama bata huku majirani wakitucheka. Choo kikitoka na damu, tunasema ni mpungate, basi, mazungumzo yamekwisha.

Ndiyo maana Mongia, mjane wa miaka arobaini na tisa aliyekuwa akichuma matunda hayo na kuyauza kando ya barabara, hakushtuka alipoona damu chooni Agosti ile. Alimwambia binti yake Sabrin, wakacheka wote wawili.

"Mwaka huu zamu yangu," alisema.

Siku ya nne bila choo, kicheko kilimwisha akaenda zahanati. Kulikuwa na daktari, mwanamke kijana aliyepanda kutoka mjini kila Alhamisi, na nesi wake Hayet. Hayet hakuwa mtu baki. Alikuwa dada yake Anis, mchumba wa Sabrin. Mongia alitamani ardhi immeze, kulazwa ubavu na kuvuliwa mbele ya mtu wa ukweni. Alitolewa mbegu zilizoshikamana kama tonge gumu, akaambiwa ana bawasiri kidogo.

"Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo?" daktari aliuliza.

"Hapana, daktari," Mongia alijibu bila kusita. "Kwetu wazima. Mama alikufa nikiwa na miaka kumi na mitatu, naye ni mpungate huu huu uliomfunga tumbo."

"Haya. Msimu ukiisha na damu ikaendelea, rudi."

Msimu uliisha, damu haikuisha. Mongia hakurudi. Alikula tini kavu zilizolowekwa mafuta ya zeituni, akanywa mafuta asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni, akapanda na wenzake mashambani kuchuma zeituni Novemba nzima akijikunja kila tumbo lilipomsokota. Sketi zake alizibana kwa pini. Choo kilipotoka, baada ya kujikamua mpaka machozi, kilikuwa chembamba kama penseli, kimezungukwa na damu. Alimwaga maji haraka asikione.

Alikuwa akiwaza nini, kila mtu wa huku anajua, na hakuna atakayekwambia. Saratani sisi hatuitaji. Tunasema "ule mbaya", tena kwa sauti ya chini, kana kwamba upo chumba cha pili unasikiliza. Ni upumbavu, na tunaufundisha watoto wetu kwa bidii kuliko hesabu. Mongia naye hakulitaja jina hilo hata peke yake. Aliogopa tu, mchana na usiku, akiwa ameshika ufagio, akiwa anakanda unga.

Februari, damu ilipolowesha nguo yake mbele ya wageni waliokuja kupanga harusi ya Sabrin, alishindwa. Kesho yake alikwenda kwa Rebaha, dada mkubwa wa marehemu mama yake, akamkuta amekaa na jiko la mkaa miguuni.

"Mama mkubwa, natoka damu. Miezi sita sasa."

"Bawasiri hizo. Kunywa mafuta."

"Nimekunywa mpaka nanuka kama kinu cha zeituni!"

"Basi umezidisha. Wewe tangu mdogo ukichomwa mwiba unaandika wosia."

Mongia hakucheka. "Mama alikufa na nini?"

"Maswali gani haya? Si unajua? Mpungate."

"Mwezi gani?"

Rebaha akainamia jiko, akaanza kuchokoa majivu.

"Mimi nakumbuka," alisema Mongia, na ndiyo kwanza alikuwa anakumbuka. "Kulikuwa na theluji. Wanaume walivunja udongo kwa sururu, ulikuwa umeganda. Mpungate gani huo wa Januari, mama mkubwa?"

Rebaha aliacha kuchokoa majivu.

"Alikuwa na ule mbaya," alisema mwishowe. "Wa utumbo. Na bibi yako kabla yake. Mlikuwa wasichana watatu ndani ya nyumba ile. Nani angewaoa?"

"Mkaniacha niende kumdanganya daktari kwa mdomo wangu mwenyewe!"

"Tuliwasitiri! Na wewe sasa msitiri mwanao. Yule Hayet ana masikio, tena ana mdomo. Neno hili likifika kwao, Anis ataokota wapi moyo wa kumchukua Sabrin? Harusi ni Julai. Vumilia mpaka Julai, mwanangu, nakuomba."

Mongia alilia njia nzima kurudi. Alimchukia yule kikongwe, na kibaya zaidi, alimwelewa. Kufikia Jumatano alikuwa ameshakubali kungoja mpaka Julai. Alhamisi asubuhi alishindwa kusimama kutoka chooni, Sabrin akambeba mgongoni mpaka zahanati.

Hayet ndiye aliyeshika kalamu na kadi. Sabrin alibaki nje kwenye benchi. Daktari aliminya tumbo upande wa kushoto, akarudia palepale, uso ukambadilika.

"Daktari," Mongia alisema akitazama dari. "Agosti nilisema uongo bila kujua. Mama yangu alikufa kwa saratani ya utumbo. Na bibi yangu."

Kalamu ya Hayet ikasimama.

"Mama alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na minne."

Daktari alivuta kiti, akakaa. "Mtu wa ukoo kama huo huanza kupimwa miaka kumi kabla ya umri huo, hata kama haumwi popote. Wewe ulitakiwa kuja ukiwa na thelathini na minne."

"Ninao?"

"Sijui mpaka waingize kamera. Unateremka hospitali kubwa leo, sikupi hata kesho." Kisha akauliza taratibu, "Una mtoto?"

"Huyo aliye nje. Ana ishirini na minne."

"Naye lazima ajue."

Hayet aliinuka, macho chini, akafungua mlango akamwita. Sabrin aliingia, akamtazama wifi yake, akamtazama daktari, akamkimbilia mama yake.

"Mama, kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Keti nikwambie alichougua bibi yako."

Akalitaja jina lenyewe. Sabrin aligutuka, akamziba mdomo kwa kiganja. "Usiseme, mama! Hayet yupo, usiseme!"

Mongia hakuwa na nguvu, lakini aliushika ule mkono, akauondoa mdomoni, akalitaja tena.