Kiti cha Jiwe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka vidole hunisisimka: siku niliyolikwangua jiwe kwa tupa.

Nilikuwa kijana, najifunza useremala kwa mjomba wangu pale Kibiti. Mjapani mmoja alikuwa akipima kina cha mto, nasi tukimwita Bwana Mawe. Huku kwetu kwenye udongo wa mafuriko, jiwe ni la kunolea panga au kuwa figa. Yeye aliyaokota mawe, akayapanga mezani, akayatazama kama mtu anayemsikiliza mgeni. Watu walicheka, nami nikiwamo.

Akatuletea jiwe jeusi, ukubwa wa mkate wa boflo, alilolipata mtoni kule Ngorongo. Lilikuwa na vilele viwili na bonde katikati, utadhani vilima vya Matumbi ukiviona kwa mbali. Alitaka kumpelekea baba yake, mzee mgonjwa aliyekusanya mawe ya namna ile maisha yake yote.

"Nichongee kiti cha mninga cha kulikalisha," akaniambia. "Jiwe lenyewe usiliguse. Mto umeshalichonga."

Ijumaa angesafiri.

Kazi yenyewe ni kupaka chaki chini ya jiwe, kulikalisha kwenye ubao, kuona linapogusa, kuchonga kidogo, kisha kurudia. Siku tatu nzima. Bandubandu huisha gogo, lakini subira yangu iliisha kabla ya gogo. Nundu moja ya chini ililifanya jiwe licheze. Nikajisemea, hapa chini nani atapaona? Nikachukua tupa, nikaisawazisha ile nundu. Jiwe likatulia tuli.

Alhamisi Bwana Mawe akaja. Hakutazama vilele. Alilipindua, akapapasa chini yake kwa kidole gumba.

"Hapa palikuwa na nundu."

Mjomba akanigeukia. "We Hamisi! Fundi gani anamkata mteja mguu ili kiatu kimwenee?"

"Mjomba, nimetoa kidogo tu."

"Kidogo, eh? Haya, kirudishe hicho kidogo."

Sikuwa na la kurudisha. Bwana Mawe hakufoka. Alisema baba yake angepajua pale hata akiwa amefumba macho. Akaliacha jiwe mezani. "Kiti hakina kosa," akasema, akasafiri nacho kitupu.

Miaka ikapita, nikapata mtoto wa kwanza, nduguyo mkubwa, kila kitu akikishika kwa mkono wa kushoto. Wenzangu wakanishauri nimfunge mkono ule mpaka azoee wa kulia. Mimi nikaenda karakanani, nikaling'oa jiliwa la kubania mbao, nikalihamishia upande wa pili wa meza, limfae mkono wake. Leo anachonga kunishinda.

Nakuusia, mwanangu: ukijaliwa mtu, awe mke, mtoto au mwanagenzi, naye ukaona hakai sawa nyumbani mwako, ichonge kwanza nyumba. Usiwe mwepesi wa kumpunguza yeye, kwani ulichomkwangua hukirudishi kwa toba wala kwa machozi. Mungu akupe mikono yenye subira, na wote watakaoingia kwako wakae wazima, pasi na kupunguka.