Mtungi Mmoja kwa Miezi Minne

Shangazi yangu alipima mizigo ya watu kwenye ofisi ya vifurushi kwa miaka thelathini na moja, na mtaani hawamwiti kwa jina lingine ila Mizani. Mpe begi lolote. Atalinyanyua kwa mkono wa kulia, atafumba jicho moja, kisha atakutajia kilo na robo zake. Tangu astaafu, kipaji hicho kimebaki na kazi mbili: kununua vitunguu na kugombana na wauza gesi.

Anaishi peke yake, vyumba viwili. Asubuhi anachemsha chai ya kutwa na kuitia kwenye chupa, mchana anapika sufuria moja, basi. Mtungi wa kilo sita anakaa nao miezi minne. Muuza gesi akimtegemea yeye, watoto wake watasoma kwa mwanga wa mwezi.

Jumapili iliyopita binti yake, ambaye ni muuguzi, alifungua mlango akarudi nyuma hatua tatu. Nyumba nzima ilikuwa inanuka gesi, na mama yake kakaa pale pale anashona kifungo. Dada huyo aliufunga mtungi, akautoa nje, akafungua madirisha. Hakupaza sauti, na sisi tunaomjua tulijua hapo ndipo pabaya. Alisema atarudi Jumamosi saa sita mchana. Akikuta jiko limeunganishwa na gesi na mtu anayejua kazi, sawa. Asipokuta, mama anafungasha nguo na kuhamia kwake, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na wajukuu wawili wanaopiga mpira ndani. Shangazi alijitetea kwamba alikuwa na mafua.

Kwa hiyo wiki nzima tulitafuta muuza gesi, mimi na yeye, kama watu wanaochumbia. Wa kwanza alikuwa kijana wa kampuni ya gesi ya mita, shati limepigwa pasi hadi mifukoni. Alieleza kwamba unalipia unachotumia tu. Shangazi akamuuliza, na mwezi asiotumia? Kijana akakohoa, akasema kuna ada ndogo ya kila mwezi, ya huduma.

"Kwa hiyo mimi nikilala, mtungi unaendelea kula?"

Kijana alicheka. Shangazi hakucheka, na mkutano ukaishia hapo. Wa pili alitaka tuagize angalau mitungi miwili kwa mwezi ndipo alete nyumbani. Wa tatu alikuwa Fasta, mwenye pikipiki, ambaye masharti yake ni kwamba hana masharti.

Alikuwepo na wa nne, ila hakuna aliyethubutu kumtaja. Duka la Povu liko pale kona, hatua mia moja kutoka mlangoni. Anaitwa hivyo kwa sababu hafungi mtungi wa mtu kwenye jiko bila kuupaka povu la sabuni na kusimama akilitazama kama anasoma gazeti. Miaka mitatu nyuma Shangazi alinyanyua mtungi wake mbele ya wateja, akafumba jicho, akatangaza kwamba umepungua kilo nzima. Povu akauweka kwenye mizani, akamwonyesha tarakimu zilizogongwa shingoni mwa mtungi: chuma chenyewe kilikuwa chepesi kuliko cha mitungi mingine, gesi ilitimia. Shangazi alizisoma, akaondoka bila kuomba radhi. Tangu siku hiyo akienda kununua chumvi anazunguka mitaa miwili ili asipite pale.

Basi Jumamosi saa tatu akaja Fasta. Alifunga mtungi kwenye jiko huku pikipiki inanguruma nje. Shangazi alikuwa ameshaunyanyua mlangoni na kusema umejaa, na kwake hilo ndilo jambo zima. Fasta akapokea chake, akapotea.

Mimi nilikuwa nimetoka kununua mkate. Niliporudi harufu ilinipiga usoni kabla sijavua viatu. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, njiti imeshatoka.

"Shangazi, usiwashe."

Akanigeukia taratibu. "Kwa nini?"

Harufu haikunitisha kama swali lile. Mtu kasimama nusu hatua kutoka kwenye mtungi unaovuja, macho makavu, anauliza kwa nini. Nilipita pembeni yake nikaufunga mtungi, nikafungua dirisha, nikamshika mkono hadi kizingitini. Njiti bado alikuwa ameishika. Tulikaa pale, nami nikamtoa njiti ile vidoleni.

"Tangu mwaka juzi," alisema hatimaye. "Si gesi tu. Sabuni, vitunguu, nguo zilizoanikwa. Vyote kwangu vinanuka kama maji."

Nikamuuliza kama dada anajua.

"Angejua, mimi ningekuwa hapa?"

Ilikuwa saa nne na nusu. Niliona anahesabu kichwani, lakini safari hii si kilo. Pua ndiyo iliyomwangusha. Mkono wake, hata ungekuwa na akili kiasi gani, haunusi. Alihitaji mtu wa kumwonyesha hatari kwa macho, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Akasimama, akajifunga kitambaa kichwani. "Twende kwa yule bwana."

Povu alimwona anaingia akaendelea kumhudumia mteja. Kisha akamhudumia mwingine. Kisha akaanza kufuta mizani iliyokuwa inang'aa tayari. Shangazi alisubiri kama aliyeitwa na mwalimu mkuu, nami nikawa naitazama saa ya ukutani.

"Ndugu yangu," Shangazi akasema, "siku ile mtungi wako ulikuwa sawa. Niliyekosea ni mimi."

Povu hakuinua kichwa. "Siku ile hapa walisimama watu saba. Leo naona wawili."

Nilifikiri mambo yameisha. Shangazi aligeuka, akaenda mlangoni, nami nikamfuata nikijua tunarudi nyumbani kufungasha. Akasimama kwenye ngazi. Kwa sauti ileile iliyoita namba za vifurushi miaka thelathini na moja, aliwaambia kinyozi, fundi viatu na kila aliyekuwa barabarani kwamba Mizani alikosea, gesi ya bwana huyu ilitimia, na asiyesikia asogee karibu aambiwe tena.

"Basi, mama, basi," Povu akasema nyuma yetu, sifongo na kopo vimeshaingia mkononi. "Utanijazia watu wasionunua kitu."

Nyumbani Povu hakuugusa mtungi kwanza. Aliukunja mpira unaotoka kwenye mtungi kwenda kwenye jiko, ukafunguka mipasuko kama kisigino cha kiangazi. Alieleza kwamba anayenunua gesi kila mwezi anaonana na fundi kila mwezi. Shangazi anaonana naye mara tatu kwa mwaka, kwa hiyo mpira unazeeka bila shahidi. Akafunga mpya, akapaka povu. Likavimba pale kwenye kiungo, jicho moja, mawili, maana yake gesi bado inapenya. Akakaza, akafuta, akapaka tena.

Hapo ndipo dada alipoingia, na sanduku tupu la nguo za mama mkononi. Akavuta pumzi puani mara mbili.

"Mama, hii harufu iliyobaki unaisikia?"

Njia ya uongo ilikuwa wazi, na mimi na Povu tungeipita naye. Shangazi alinitazama, kisha akamtazama binti yake.

"Siisikii, mwanangu. Sijasikia harufu yoyote tangu mwaka juzi."

Dada alifumba macho. Sanduku lilibaki mkononi.

"Lakini povu naliona," Shangazi akasema, akamgeukia fundi. "Baba, nipe hiyo sifongo."

Akapiga magoti, akapaka mwenyewe, kiungo kwa kiungo. Tukainama wote wanne juu ya povu lile. Halikuvimba. Tukangoja zaidi. Halikuvimba. Dada akachukua kiberiti, akawasha yeye.

Kisha akatoa masharti: povu kila asubuhi, dirisha wazi, na fundi apite kila mwezi, mtungi uishe usiishe.

"Mitungi mitatu kwa mwaka, ziara kumi na mbili," Povu akalalamika akikusanya vitu vyake. "Huyu si mteja, huyu ni mkwe." Lakini alikubali.

Sanduku dada aliliacha chini ya meza, hajalichukua mpaka leo. Kila dada akija kutembea na kuondoka, Shangazi hulinyanyua kwa mkono wa kulia na kufumba jicho moja, ahakikishe bado ni tupu.