Dhania ya Chini ya Ngazi

Kachumbari bila dhania mimi siihesabu. Ndiyo maana Jumapili ile niliikatia dhania tele, tukaila na pilau, na kesho yake mimi, mume wangu na binti yetu tukawa tunagombania choo. Hapa mtaani Huruma choo ni cha ghorofa nzima, kwa hivyo siri haikuwepo.

Kwenye zahanati tuliulizwa tulikula nini kibichi. Jibu nilikuwa nalo: dhania. Mama mboga wetu, anayeuzia chini ya ngazi, ana karai la maji. Jua likiwaka huchovya mkono humo akanyunyizia mboga zisinyauke. Humo humo husuuza kisu na viazi. Na sisi tulikuwa tunamsifu kwamba mboga zake hazilali!

Nikashuka na hasira zangu zote. Ni rafiki yangu huyu, binti yangu amekulia mgongoni mwake, lakini tumbo likiuma urafiki hungoja.

"Ni hayo maji yako ya karai," nikamwambia mbele ya wateja.

"Ati mboga yangu? Unataka kunifungia biashara?" Akachomoa fungu la dhania, akalitafuna lote akinikazia macho. "Haya, nimekufa?"

Wateja wakaangua kicheko. Nikapanda ngazi nimenuna.

Siku mbili baadaye, chini ya ngazi palikuwa patupu. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Niliogopa kwamba nimempoteza, kwa ugonjwa au kwa ugomvi. Nikachemsha maji, nikayatia chumvi na sukari kama tulivyoelekezwa zahanati, nikaenda kumpigia hodi. Alikuwa amejikunja kitandani.

"Usiseme kitu," akasema.

"Sijasema. Kunywa."

Nilishinda naye mpaka akapata nguvu za kunitania, hapo nikajua amepona.

Siku hizi ana mtungi wenye mfereji wa kufungulia maji, na karai amelipindua akalifanya kiti. Ukitaka akukatie sukuma wiki, huziosha kwanza, upende usipende.

Jumapili moja alipanda kwetu na dhania yake. Akaiosha jani kwa jani chini ya maji yanayotiririka, nami nimesimama nyuma yake kama askari. Akakata mwenyewe. Kachumbari ikakaa katikati ya meza, mtu hagusi.

"Anza wewe," nikamwambia.

"Mimi fungu langu nilishakula."

Nikacheka mpaka machozi, nikachota kijiko kikajaa, nikala.