Kuruta wa Uwanja wa Gwaride

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa kumi na mbili na nusu jioni. Hiki si kisa nilichosimuliwa. Nilikuwepo.

Kaka yangu Ochieng' alikuwa aende Homa Bay Jumatatu kuandikishwa jeshini. Kila jioni alikimbia kwenye uwanja ulio nyuma ya boma letu hapa Suna, palipokuwa na kambi ya kufunza askari wakati wa vita, enzi za mkoloni. Mimi nilimshikia saa tu. Mimi si mtu wa maneno. Hata darasani nikijua jibu nanyamaza.

Mzee mmoja akatokea nyasini, kaptura ya kaki, miguu mitupu, kiboko mkononi, filimbi shingoni. Meno sita ya chini hana, kama walivyong'olewa Wajaluo wa zamani. Tungejuaje kwamba si mtu wa kawaida? Ochieng' akacheka. "Kwara, umekuja kunifunza?" Kwara ndiyo babu kwetu.

"Kimbia, kuruta."

Ochieng' alipopunguza mwendo, kiboko kikapasua shati na ngozi. Akaanguka, akakanyagwa bega. Nilisikia mfupa ukivunjika. Niamini, mzee yule hakuwa akihema. Alipiga huku akinung'unika kwamba naye alipigwa hivyo, hapo hapo, hadi akafa, wakamfukia uwanjani, nyumbani kwao wakaambiwa ametoroka. Damu ilimjaa Ochieng' mdomoni. Akaacha kulia. Nikajua anakufa.

"Kwara, mwache," nikasema. "Njoo nyumbani tukuzike."

Kiboko kikabaki juu. "Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu."

Hapo hapo hakuwepo tena.

Unaona nilichofanya? Nimemwita mfu bomani, na mwili wake sina. Dani, nyanya yetu, hakunigombeza. Alisema asiye na mwili huzikwa kwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito, likiwa badala ya mwili, na aliyeahidi ndiye atakayechimba.

Ochieng' hakwenda Homa Bay. Bega liliunga vibaya, na hadi leo akisikia filimbi ya mpira anajikunyata. Wewe ukipita uwanja ule jioni, uitwe kuruta, usicheke. Ondoka.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, watu wakienda kanisani, nilichimba kaburi la kumtosha mtu mzima. Nikalaza yago ndani, nikafukia. Kisha nikamlilia kwa sauti mtu nisiyemjua hata jina, mpaka majirani wakasimama barabarani kuuliza nani amefariki.