Ukweli Kuhusu Kinywa cha Bwana Picha

Mume wangu hakufa kwa ugonjwa ule mnaoutaja kwa macho badala ya mdomo. Hakurogwa. Wala sikumnyima chakula, kama alivyotangaza mama mmoja kwenye foleni ya maji, akidhani mimi niliyesimama nyuma yake ni ndoo. Alikufa kwa moyo, usingizini, kitandani mwake, miaka kadhaa baada ya kutoka hospitali, na jioni ile alikuwa amekula nyama akalalamika kuwa ni kidogo. Na kama ungekuwa ugonjwa ule, ningeuandika hapa kwa jina lake. Ugonjwa una dawa. Umbea ndio usio na dawa.

Nilinyamaza muda mrefu kwa sababu sikusomea ualimu ili nije kubishana na watu wa foleni. Lakini sasa wakwe watarajiwa wa binti yangu wameanza kuuliza maswali ya pembeni: baba alikuwa anaumwa nini hasa, na yale meupe ya mdomoni yalikuwa nini. Kati ya uongo wao na siri ya marehemu, nimeona heri niitoe siri. Siri yenyewe ni meno.

Mume wangu mlimfahamu kwa jina la Bwana Picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na kiti kilichobaki na mkono mmoja, ambao wateja wote waliushika kana kwamba ndio uliobeba maji yale. Hakuna aliyepigwa picha pale akiwa amenuna. "Onyesha meno!" alikuwa akifoka kutoka nyuma ya kamera. "Meno, bibi, meno! Umekuja kwangu au umepelekwa polisi?" Mtu akicheka tu, amenaswa.

Meno yake mwenyewe ya juu yalikuwa ya bandia, yote. Ya mbele yaliondoka siku alipopanda juu ya stuli kupiga picha ya harusi, stuli ikamkana mbele ya maharusi. Mengine yakafuata moja moja, kama wageni wanaoaga bila kuelewana. Akaenda kutengenezewa sahani ya meno na fundi wa mji wa mbali, huku akisema anafuata karatasi za picha.

Mtauliza kwa nini afiche kitu ambacho nusu ya wazee wanacho. Ni kwa sababu hamkuzaliwa katika ukoo ule. Dada yake mkubwa, wifi yangu, hajawahi kuhudhuria harusi wala msiba bila kuvunja mfupa kwa meno mbele ya watu, kisha kutangaza: "Kwetu hatung'oki! Babu alizikwa na meno yake yote!" Wachumba wanaoingia ukoo ule hukaguliwa kinywa. Mimi nilikaguliwa, nikafaulu. Vyeti vyangu vya chuo hakuna aliyeviulizia mpaka leo. Sasa fikirieni mwana wa kiume wa ukoo huo awe kibogoyo.

Nyumbani hapakuwa na shida. Kila usiku alijifungia bafuni, akayatoa, akayasugua, akayaloweka kwenye kikombe chenye kifuniko, kisha akaja kulala taa ikiwa imezimwa. Watoto walipoamka walimkuta na meno yake. Nami alikuwa ameniapisha tangu siku ya kwanza kwamba mtu wa tatu hatajua. Niwaambie kitu: usafi wa mtu mwenye siri haupitwi na usafi wowote.

Kisha akaanguka tena, safari hii akitundika pazia, akavunjika nyonga. Tukampeleka hospitali. Wodi ilikuwa wazi kutoka mlangoni hadi dirishani, vitanda vimepangana kama madawati, na mlango wa choo ulishikiliwa na mtumiaji mwenyewe kwa mguu.

"Mzee, una meno ya bandia?" sista aliuliza siku ya kumpokea.

Wifi akadakia kabla ya mgonjwa. "Sista, unatutukana? Sisi?"

"Hakuna," mume wangu akasema, akanitazama. Lile jicho nalijua. Kiapo ni kiapo.

Basi meno yakawa yanalala mdomoni. Kila jioni nilimnong'oneza, "Baba Watoto, toa nikusafishie."

"Wapi? Mbele ya huyu?" Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa lori aliyevunjika mguu, mtu aliyemjua kila mtu na kila alichokula. "Huyu akiona, itafika mpakani kabla ya mizigo."

Haikupita muda akashikwa na homa ya mapafu, akapewa dawa kali. Kifua kikapona, mdomo ukaanza. Ulimi ukawa mweupe, koo likafunga, maji yakawa yanapita kama miiba. Akaandikiwa dawa ya mdomoni. Akapata nafuu, dawa ikaisha, meupe yakarudi. Akaandikiwa vidonge, nafuu, kisha yaleyale. Alikonda mpaka ikawa shati ndilo linalomvaa yeye. Wageni walikuja, wakatazama pembe za midomo yake, wakanitazama mimi, kisha wakatazamana. Hapo ndipo uzushi ulipozaliwa, na waliouzaa walikuwa wamekuja na matunda.

Wifi naye alikuwa na maelezo yake. "Kafungwa kinywa! Mpiga picha mwenzake kamfunga kinywa! Kesho naleta gari, tunampeleka kwa mtu anayefungua vinywa."

"Wifi, huyu hawezi kumeza maji. Akipakiwa garini na nyonga ile hafiki."

"Na hapa anafika wapi?"



Kesho yake gari likaja. Wifi alikuwa tayari anakunja shuka daktari alipofika. Alikuwa binti mdogo, mpole wa sauti na mgumu wa shingo.

"Mama, subiri kidogo," alimwambia wifi, kisha akanigeukia. "Hizi ni kuvu za jamii ya hamira. Sote tunazo mdomoni, kidogo kidogo. Zile dawa za kifua ziliua na vijidudu vyema vinavyozizuia, zikapata nafasi. Hilo nalielewa. Nisichoelewa ni kwa nini zinarudi. Hizi hamira zikipata kitu kigumu mwilini, mpira wa dripu, mpira wa mkojo, plastiki yoyote, zinajibandika pale, zinazaana, halafu zinajifunika utando wa utelezi. Dawa inapita juu kama mvua juu ya bati. Za chini hazilowi. Ukiacha dawa, zinatoka upya. Mipira yote nimeshaibadilisha. Zikiingia kwenye damu, hatutazungumza habari za mdomo tena. Mzee, hakuna kitu kingine mwilini mwako?"

Mume wangu akatazama dari.

"Mwilini ana damu ya kwetu tu," wifi akajibu.

"Wifi," nikasema, "hebu nenda ukanunue maji."

"Maji haya hapa."

"Basi kaangalie gari."

"Gari lina dereva."

Nikamwinamia mume wangu. "Baba Watoto, utasema wewe, au niseme mimi?"

"Mama Watoto," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "uliapa."

"Niliapa kutunza siri mpaka kifo. Sikuapa kukiharakisha."

Akafumba macho. Akaomba pazia la kuzungushia kitanda, likaletwa. Lilikuwa fupi, likamfunika kila mtu isipokuwa waliotaka kuona. Akaingiza kidole gumba kinywani, na meno ya juu ya ukoo ule yakatoka yote kwa pamoja.

Daktari aliyapokea kwa glavu, akayageuza kwenye mwanga. Upande uliolala kwenye kaakaa ulikuwa na utando mweupe, mzito, wa kuteleza, kama wa maziwa yaliyolala. "Kumbe mlikuwa hapa," akayaambia, kama mtu aliyewakuta watoto wamejificha uvunguni.

Nilijikaza nikingoja kelele za wifi. Hazikuja. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, na hakukiondoa.

"Yatolewe kila usiku," daktari akaendelea. "Yasuguliwe, hasa upande huu wa ndani, yalowekwe kwenye dawa. Na akipona atengeneze mengine, haya yana mikwaruzo, hamira zimeota humo. Hii dawa ya mdomoni sasa itafanya kazi."

Kutoka upande wa pili wa pazia dereva wa lori akakohoa. "Daktari, hiyo dawa ya kulowekea inauzwa wapi? Namwulizia mjomba."

Gari lilirudi tupu. Mume wangu alianza kwa kumeza maziwa, kisha supu, kisha akagombana na wapishi wa hospitali kuhusu chumvi, na siku hiyo nilijua nimempata. Alirudi studio kwa magongo, akaendelea kufokea watu waonyeshe meno. Watoto hakuwaambia. Wanayasoma hapa kwa mara ya kwanza. Wanisamehe, na wasinipigie simu.

Limebaki moja, ambalo watu hunichokoza niliseme. Daktari alipotoka wodini siku ile, wifi alimfuata koridoni. Mimi nilikuwa nyuma yao na beseni. Akamshika mkono wa koti, akamwuliza swali kwa sauti ya chini, kiganja bado mdomoni. Daktari alimjibu kwa kirefu, akionyesha kwa vidole namna ya kusugua, juu na chini. Wifi akageuka, akaniona.

"Wifi yangu," akasema, "ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa napita tu."

Swali lenyewe nililisikia, neno kwa neno. Binti zake wameshaniuliza, wakaja hadi na zawadi. Ya mume wangu nimeyasema kwa kuwa ni wangu. Ya wifi yangu siyasemi, na anayetaka kuniuliza asijisumbue kubisha hodi.