Migomba Mitatu kwenye Kiwanja cha Mjomba

Mjomba aliponiachia nyumba yake ya Lushoto mjini, watu wa kijijini kwetu Gare walinipongeza kana kwamba nimepewa ng'ombe wa maziwa. Mimi niliona nimepewa ng'ombe wa kuchungia mbali. Nilikuwa na nyumba yangu, kiti changu karibu na moto, na mke anayejua kunitania. Kupanda na kushuka milima kwenda kuziba bati la marehemu hakukuwamo katika mipango yangu.

Kuiacha tupu ilikuwa hatari. Miaka ile ya Ujamaa, nyumba isiyotoa moshi ilianza kuulizwa maswali. Kuipangisha ilikuwa hatari zaidi: mwenye nyumba ya kupangisha aliitwa kabaila, na redioni tulikuwa tumesikia majumba ya watu yakitaifishwa. Yale yalikuwa maghorofa, na yangu ilikuwa ya vyumba viwili na choo kilichoinama, lakini nilikuwa nimesoma hadi sekondari, kwa hiyo nilijua kushuku kwa mpangilio. Watu wa ushirika walitaka kuhifadhi kabichi humo. Nikaona wataanza na kabichi, watamalizia na kibao cha mali ya wote. Binamu yangu mchuma chai wa Amani akajitolea kuilinda bure. Ndugu akikaa bure, anayehama ni wewe.

"Basi iozee," mke wangu alisema. "Ukiulizwa mbinguni uliufanyia nini urithi, sema uliushuku."

Hatimaye akapatikana bwana afya, kijana wa Tanga aliyehamishiwa Lushoto. Tulikubaliana asilipe kodi. Atatengeneza paa na choo, na neno kupangisha lisitamkwe. Aliniita mzee, na shikamoo yake ilikuja hata pale nilipokwisha kuiitikia. Heshima nyingi namna ile iliniondolea raha.

Miezi michache baadaye, jirani aliyetoka sokoni Lushoto akaniletea habari: bwana afya amepanda migomba mbele ya nyumba, mitatu.

Kwetu Usambara, ardhi ya kuazima unalima mahindi, maharage, viazi, unavuna unaondoka. Mgomba hupandi. Mgomba haukai msimu mmoja. Unazaa watoto na wajukuu, na aliyeupanda amekwisha kusema hapa ni pake bila kufungua mdomo. Nilichukua panga. Mke wangu alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, sikumngoja.

Nilifika mjini nimelowa jasho, nusu la hasira, nusu la kutozoea kutembea. Mlango ulikuwa umefungwa. Migomba ilikuwa imeshika vizuri, jambo lililonikera zaidi. Nikaing'oa yote.

Nilipoinuka, balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule alikuwa amesimama njiani na daftari kwapani. Alikuwa akiandikisha wenye viwanja, na cha mjomba kilikuwa bado hakina jina. Akalitazama panga, akaitazama migomba.

"Migomba ya nani hiyo, mzee?"

"Ya huyu anayekaa humu. Lakini kiwanja ni changu."

"Sijapata kuona mwenye kiwanja akijing'olea migomba," alisema. "Mwizi, ndiyo."

Hapo bwana afya akafika akikokota baiskeli. Akaniamkia, akaitazama migomba. Kisha akatueleza. Machipukizi yale alikuwa ametumiwa na mke wangu, kupitia mama mmoja wa Gare anayeuza mboga sokoni, pamoja na maagizo: yapandwe mbele, yaonekane kutoka njiani, mtu asije akasema kiwanja hakina mwenyewe. Mimi nisiambiwe, maana ningeshuku.

Ushahidi wangu ulikuwa umelala chini, mizizi juu, na niliyeuangusha ni mimi. Kijana angesema neno moja tu nyumba ikawa yake; balozi alikuwa amekwisha kulifungua daftari.

"Na mwenye nyumba ni nani?" balozi akamwuliza yeye, si mimi.

"Ni mzee huyu. Mimi mgeni wake."

Balozi akaandika jina langu, kisha akataka migomba irudishwe ardhini yeye akiwa anatazama. Nikachimba, bwana afya akashika mashina na kunielekeza, kwa heshima, kwamba mashimo yangu ni mafupi.

Nilipanda kurudi Gare nikiwa na matope hadi magotini, nyumba ikiwa yangu kwa maandishi. Ilinipasa kumshukuru Mungu. Njia nzima nilikuwa najiuliza yule kijana anataka nini.